Mwaka Aliotuzwa Nasra

Nilipopigiwa simu kwamba Bi Zuwena amefariki, swali langu la kwanza lilikuwa kama Nasra ameshaambiwa. Sikuuliza aliugua nini wala anazikwa lini. Niliuliza hilo, na mpwa wa marehemu, kijana mwenye adabu zake, akanijibu kwa upole kwamba Shangazi Nasra ndiye aliyekuwa naye hospitali, ndiye aliyemshika mkono mpaka mwisho. Nikasema "Innalillahi" kama nilivyofundishwa na marehemu mwenyewe, ingawa mimi ni Mkristo wa Dodoma niliyekulia kwenye kwaya, kisha nikakata simu na kukaa kitandani hapa kwangu Croydon, nikisikiliza tramu zinavyopita. Nililia, sikatai. Lakini katikati ya kilio nikajikuta nawaza kwamba hata kwenye kufiwa, Nasra amenitangulia.

Ni wivu, na sina jina jingine la kuupa. Nimeishi nao miaka thelathini na ushee kama mpangaji asiyelipa wala asiyehama. Nasra ndiye yule mama mwenye nywele nyeupe mnayemwona kwenye mabango ya ngazi za umeme, kule mnakoshukia kupanda treni za chini ya ardhi. Wewe unashuka, yeye anapanda, bango baada ya bango, anacheka. Anaigiza bibi katika mchezo mpya wa kuimba ulioletwa kutoka Marekani, ule ambao vijana wanamimina maneno kwa kasi mpaka unajiuliza wanavuta pumzi saa ngapi. Mimi huenda mmenisikia kwenye simu, nikiwaambia bonyeza moja, bonyeza mbili, tafadhali endelea kusubiri. Tulianza pamoja, katika mchezo mmoja, tukilala chumba kimoja. Binti yangu Neema, aliyezaliwa huku, ambaye Kiswahili anakisikia chote na hakijibu hata kidogo, huniambia, "Mum, let it go." Namjibu kwamba wanaoandika "mwenye wivu ajinyonge" kwenye kanga wanatafuta wateja tu. Wengine tumeamua kuishi nao.

Habari za kwetu Dodoma, za baba na mama na nani alimzaa nani, nitaziacha, maana hazihusiki. Mwaka ninaoukumbuka ulianzia mlangoni kwa Bi Zuwena, Kilburn, katika nyumba nyembamba ya matofali aliyokuwa akipangisha vyumba vya juu. Vyumba vile vilikuwa baridi kiasi kwamba ukiamka asubuhi unaiona pumzi yako. Jiko lilikuwa chini, upande wa nyuma, na huko ndiko maisha yalikokuwa. Alikuwa na meza yenye kitambaa cha plastiki chenye picha za malimau, redio ya kaseti juu ya friji, harufu ya iliki na udi iliyokwisha kuingia ukutani, na viti vitatu ambavyo havikufanana. Kimoja kilikuwa karibu kabisa na jiko la kuokea. Bi Zuwena, akimaliza kuoka mkate wa ufuta, aliuacha mlango wa jiko lile wazi ili joto lisipotee bure, na anayekaa kwenye kiti hicho alipata joto lote mgongoni.

"Kaa hapo," aliniambia siku ya kwanza, akinitazama nilivyotetemeka. "Watu wa bara mnakuja na vikoti vya harusini mkidhani hii baridi ya mchezo. Kaa, mwanangu. Hicho chako."

Alikuwa mtu wa Unguja, mnene, mwenye macho ya usingizi yaliyokuwa yanaona kila kitu, na alikuwa hasemi jambo mara mbili. Nilikaa. Tangu siku ile kiti kikawa changu, na wapangaji wengine wakija kula walikiruka bila kuambiwa. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, sina mtu London, na kila nilipotoka kwenye usaili wa waigizaji, nimekataliwa na mtu ambaye hata jina langu hakuweza kulitamka, nilirudi kukaa pale na kupewa chai ya rangi. Sijawahi kukaa kwenye kiti cha heshima kuliko kile, na nimewahi kukaa mstari wa mbele kwenye kumbi kubwa kadhaa za mji huu, kwa tiketi za bure.

Kazi niliyoipata mwaka ule ilikuwa ya Wamarekani. Ulikuwa mchezo wa kuimba juu ya wanawake weusi waliokuwa madobi katika mji mmoja wa kwao, zamani, na mwenye udobi ule, Mama Ruthie, aliyekuwa akiwalaza wasichana kwenye chumba cha nyuma. Mmoja wao anaondoka kwenda kutafuta maisha ya uimbaji, na Mama Ruthie anamwimbia wimbo wa kumuaga ambao ndio moyo wa mchezo wote. "Nenda, binti, nenda ukaimbe, mlango wangu sitaufunga." Kwa Kiingereza ulikuwa mtamu zaidi, lakini maana ndiyo hiyo. Nafasi ya Mama Ruthie ilikuwa ya mwigizaji wa Kimarekani aliyekuja nayo, mkataba wake ukiwa wa miezi michache. Sisi tulikuwa madobi wa nyuma, na wawili kati yetu walifanywa mbadala wake, yaani ujifunze nafasi yote, nyimbo zote, kila hatua, halafu ukae ukiomba Mungu mwenzako apate mafua. Mbadala wa kwanza nilikuwa mimi. Wa pili alikuwa Nasra.

Na Nasra mimi ndiye niliyemleta. Hilo huwa nalirudia peke yangu ninapoosha vyombo. Nilimkuta kwenye ngazi za ukumbi wa mazoezi, msichana mwembamba wa Tanga, analia kwa sababu binamu yake wa Tooting alikuwa amemwambia aondoke mwisho wa wiki. Nikamshika mkono, nikampeleka Kilburn, nikamwambia Bi Zuwena, "Nimekuletea mwenzangu, tutalala naye." Bi Zuwena akamtazama, akamuuliza ni wa Tanga ipi, wakatajiana mitaa na watu, na baada ya dakika chache wakawa wanacheka kicheko ambacho mimi sikukielewa. Kizuri kula na nduguyo, walisema wahenga. Hawakusema nduguyo akishiba atakaa wapi. Wiki kama tatu baadaye nilirudi kutoka dukani nimebeba mihogo na nazi, nikasikia kaseti ya taarab tangu mlangoni, na sauti ya Bi Zuwena akisema, "Hapo! Hapo sikiliza anavyolivuta neno," na Nasra akilivuta vilevile. Nilipoingia, Nasra alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na jiko. Hakuinuka. Labda hakujua. Bi Zuwena naye hakumwambia kitu. Nikaweka mihogo mezani, nikakaa kwenye kiti cha dirishani ambapo upepo ulipenya, na hakuna aliyeona kwamba jambo limetokea.

Mwongozaji wetu alikuwa Mmarekani mweusi wa makamo, jina lake Odessa, mrefu, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa mnyororo. Mchana tulipopumzika kula, yeye alitufundisha historia, maana alisema mwigizaji asiyejua wimbo wake ulikotoka ni kasuku. Alituambia kwamba mwanzo wa mwanzo, kule kwao, Wazungu walijipaka masizi usoni wakajifanya sisi, watu wakacheka. Zikaja zama za wasichana wa kurusha miguu na vichekesho, hadithi ikiwa kamba tu ya kuanikia nyimbo. Kisha wakatokea watu waliosema hapana, wimbo lazima uisukume hadithi mbele, mtu aimbe kwa sababu ana jambo ambalo akilisema tu halitoshi. Zama hizo mama yake Odessa alikuwa na sauti ya kutingisha nyumba, na kazi aliyopewa ilikuwa kuingia na sinia la chai, kusema, "Ndiyo, bibi," na kutoka. Baadaye yakaja magitaa na nywele ndefu, kisha mitambo, jukwaa linalozunguka lenyewe na moshi wa kukohoza watu wa mbele. "Na sasa hii," alisema akimenya chungwa, akatuonyesha kipaza sauti kidogo kama punje ya hindi, cha kubandikwa juu ya paji la uso. "Hii itawabadilisha kuliko magitaa." Tulicheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, kwa kuwa sauti yangu haikuhitaji punje ya hindi. Mwalimu wangu wa kwaya alitusimamisha mwisho wa uwanja wa kanisa na yeye akasimama barabarani, na asiyesikika alirudia.

Mwigizaji wa Kimarekani alipokaribia kurudi kwao, ikabidi apatikane Mama Ruthie mpya, na Odessa akasema atatusikiliza sisi wawili kwanza kabla hajatafuta nje. Ilikuwa asubuhi, ukumbini, viti vyote vitupu, waigizaji wenzetu wamekaa kwenye ngazi za jukwaa na vikombe vya kahawa. Nikaimba mimi. Nilifungua kifua nikaupeleka wimbo ule mpaka kiti cha mwisho cha ghorofa ya juu, na nilipomaliza wenzangu walipiga makofi na mmoja akapiga mluzi. Kisha Nasra. Alibandikwa ile punje. Aliimba kama mtu anayezungumza na mtoto aliye karibu kulala, neno linakatika katikati, linavutwa kidogo, linaachwa. Bila kile kidude usingemsikia hata ukiwa mstari wa tatu. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Moyoni nikasema basi, nimepata. Sikujua kwamba waigizaji wakinyamaza namna ile, ujue umekwisha.

Odessa aliniita pembeni mwenyewe, na kwa hilo sina lawama naye. "Sauti yako, Yustina, ndiyo niliyoipenda nilipokuwa mtoto," aliniambia. "Miaka kumi iliyopita ningekupa nafasi hii bila kumsikiliza mtu mwingine. Lakini mchezo umebadilika. Zamani tuliwapelekea watu wimbo mpaka walipokaa. Sasa wanataka kuja wenyewe, wakusogelee usoni." Nikamuuliza, kama ningezaliwa mapema? Akacheka kwa huzuni. "Ungezaliwa mapema ungepewa sinia." Nimelitafakari jibu lile kwa miaka na bado sijaona pa kulipinga, na hilo ndilo linaloniudhi. Mama yake alikuwa na sauti na hakuwa na nafasi. Mimi nafasi ilifika, sauti ikawa imepitwa na wakati. Na Nasra wa Tanga, na kisauti chake cha ndani ya chumba, akawa amezaliwa siku ileile ya soko.

Mnaweza kunitajia kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Aliyetunga methali hiyo hakuwahi kulala chumba kimoja na aliyemshinda. Nasra alikuwa anaimba usingizini. Alikuwa anaacha mafuta yake ya nazi dirishani, na vitana vyake kitandani kwangu. Asubuhi aliniita, "Shoga, nisikilize kidogo hapa," nami nikamsikiliza, nikamrekebisha, kwa sababu nafasi ile niliijua kuliko yeye. Jikoni waliongea juu ya Mama Ruthie kama vile ni jirani yao. Usiku nikilala nilifikiria maneno makali ya kumwambia, na asubuhi nikamuuliza anataka chai. Mwishowe nikapata chumba Croydon kwa msichana wa kanisani kwetu, nikashuka jikoni kumwambia Bi Zuwena. Alikuwa anapika chapati.

"Mwisho wa mwezi nahama, Bi Zuwena. Nakwenda Croydon."

Akageuza chapati. "Croydon mbali."

"Kuna treni."

"Treni zipo, kweli," akasema, akaipaka chapati mafuta, akaigeuza tena. Nilisimama pale nikisubiri aseme jambo jingine. Nilitaka anibembeleze. Nilitaka aniulize nina nini, nikatae kusema, aniulize tena. Akanikatia kipande cha chapati akaniwekea kwenye kisahani, nami nikala nikiwa nimesimama, kwa sababu Nasra alikuwa kwenye kiti changu akisuka nywele.

Siku chache baadaye Bi Zuwena alikuja kututazama. Kila mwigizaji alikuwa na tiketi yake ya mgeni, na nilimpa yangu. Ninalisisitiza hilo. Tiketi ilikuwa yangu, si ya Nasra. Lilikuwa onyesho la mchana, katikati ya wiki, ukumbi umejaa wazee wa Kiingereza na vikombe vyao vya aiskrimu. Nilimwona tangu alipoingia, kwa vile alikuwa amejitanda kanga juu ya koti, kanga mpya, na nina hakika safu nzima ile ilinukia udi. Mimi nilikuwa upande wa kushoto wa jukwaa na madobi wenzangu, nimeshika shuka lililoloweshwa kweli, maana Odessa hakutaka shuka la uongo. Tukafika kwenye wimbo. Nasra akaanza, polepole, na alipofika kwenye "mlango wangu sitaufunga," Bi Zuwena akainuka.

Akatoka kwenye safu yake akisema "excuse me, excuse me" kwa kila goti. Akashika njia ya katikati, mkono wa kulia juu, noti imekunjwa kati ya vidole viwili, anatembea kwa madaha, hatua moja na kusita, hatua moja na kusita, kichwa kinayumba na muziki. Binti mhudumu akamfuata nyuma ananong'ona, "Madam, please, madam." Bi Zuwena hakumsikia, au alimsikia. Kiongozi wa wapiga muziki akageuza shingo. Mimi mikono iliganda kwenye shuka. Na Nasra, ambaye mtu yeyote mwenye akili angedhani atachanganyikiwa, akasogea mpaka ukingoni mwa jukwaa, akapiga goti, akaupokea mkono ule bila kuacha neno hata moja, akaurudia mstari ule, "mlango wangu sitaufunga," kama vile wimbo ulitungwa uimbwe hivyo. Bi Zuwena akampa noti. Lakini uso wake haukumtazama Nasra. Alikuwa amegeuza macho yake yale ya usingizi upande wa kushoto, juu, akanitazama mimi, moja kwa moja, mpaka akahakikisha nimemwona. Kisha akarudi zake, hatua na kusita, na wale wazee wa Kiingereza wakaweka aiskrimu chini wakapiga makofi.

Kwetu kwenye kwaya hakuna mambo hayo. Kikapu cha sadaka kinapita na kila mtu anafumba mkono asionekane anachotoa. Nilichokielewa mimi ni kwamba mama wa watu amevaa kanga mpya, amekuja kwa tiketi yangu, amevuka ukumbi mzima kumtuza mwenzangu, na amenitazama ili ahakikishe limeniingia. Wenye ukumbi walikasirika, wakataka wageni wetu wasikae tena safu za mbele. Odessa peke yake ndiye aliyefurahi. Alicheka mpaka akatoa leso. "Kanisani kwa bibi yangu watu waliinuka hivyo," alisema. "Ni ukumbi wa michezo uliotufundisha kukaa gizani kimya kama tuna makosa." Alimwambia Nasra atakuja kuwa mtu mkubwa. Mimi nilikuwa nakamua shuka.

Jioni ile nilishuka jikoni na sanduku langu. Mwisho wa mwezi ulikuwa bado, lakini sikuweza kungoja. Bi Zuwena alikuwa amekaa peke yake, kanga imekunjwa mapajani.

"Umeniona?" akaniuliza.

"Nimekuona."

"Na umesikia?"

"Nimesikia, Bi Zuwena."

"Haya," akasema, akaonekana kama mtu aliyemaliza kazi yake. Akanifungia mkate wa ufuta kwenye karatasi ya jikoni. Nikauchukua, nikatoka, na sikuwahi kuingia tena nyumba ile mpaka mwaka huu. Tulipigiana simu sikukuu zake na zangu. Tulikumbatiana kwenye harusi za watu, kwenye kumbi za Tooting, akaniambia nimekonda hata pale nilipokuwa nimenenepa. Kila mara aliniuliza, "Lini unakuja?" nami nikajibu, "Nitakuja, inshallah," jibu ambalo Waswahili wote tunajua maana yake.

Miaka ikaenda. Nilizunguka miji ya kaskazini na michezo ya Kimarekani ya kila aina, nyingi ikiwa filamu zilizorudishwa jukwaani, watu wakija kusikia nyimbo walizokwisha kuzijua. Jukwaani nimekuwa mama wa mtu, muuguzi wa mtu, sauti ya nyuma ya pazia. Sasa wamekuja vijana hawa wanaoghani, weusi na weupe wanaigiza wafalme na marais bila mtu kuuliza wala kushangaa, na nawaonea wivu na wao pia, wote, mmoja mmoja. Kila mlango wa michezo hiyo ulipofunguliwa, mimi nilikuwa nimeshachoka kusimama nje. Siku hizi watazamaji wanainuka kila onyesho, hata kwa upuuzi, wanapiga makofi wamesimama kwa sababu wengine wamesimama. Na juzi Neema alinipeleka kuona mmoja wa hiyo michezo mipya, na msichana mmoja akafungua kifua akapeleka sauti mpaka kiti cha mwisho, ile ile, ya uwanja wa kanisa. Sauti kubwa zimerudi. Yangu imebaki ya bonyeza mbili.

Basi nikaenda kwenye hitima, Kilburn, nimejifunga mtandio. Wanaume walikuwa sebuleni wanasoma, wanawake wamejaa ngazini na vyumbani, masinia ya pilau yanapita juu ya vichwa. Nikajipenyeza mpaka jikoni. Kitambaa cha meza kilikuwa kingine, redio haikuwepo, lakini jiko la kuokea lilikuwa wazi, na mbele yake, kwenye kiti kile, alikuwa amekaa Nasra, miwani puani, anamenya vitunguu saumu. Mabango hayaonyeshi magoti yake yalivyovimba. Alinitazama, akasema, "Yusta," akalia, nami nikalia, tukashikana, mikono yake inanuka kitunguu. Kisha nikakaa kwenye kiti cha dirishani, nikachukua kisu, nikaanza kumenya.

"Ulikuwa naye mpaka mwisho," nikasema. "Hongera. Na siku ile alikutuza wewe. Tiketi yangu, akakutuza wewe."

Nasra aliacha kumenya. "Kunituza mie?"

"Mbele ya ukumbi mzima. Na akanitazama ili aniumize."

Akavua miwani. "Yusta, kwenye taarab hatuzwi mwimbaji. Yanatuzwa maneno. Mtu akisikia neno lake limeimbwa, anainuka, anakwenda mbele na mkono juu, ili yule anayemlenga aliyemo ukumbini ajue. Ndiyo maana alikutazama. Alikuwa anakuaga wewe. Mlango wangu sitaufunga. Mie siku ile nilikuwa kipaza sauti chake tu."

Nikauliza kwa nini basi Bi Zuwena asiseme, miaka yote ile, kwenye simu, kwenye harusi, kwa kinywa chake.

"Ukishatuza huelezi. Alikuuliza umesikia, ukasema umesikia. Angefanya nini tena?"

Sebuleni wakaitikia "Amin." Nilijisikia furaha, lazima niseme hivyo, furaha mbichi isiyo na haya, kwenye hitima ya watu. Ilidumu muda wa kumenya punje moja. Kisha nikakumbuka kwamba huyu aliyekaa mbele yangu alilijua hilo tangu siku ile, amepiga goti na noti mkononi, anajua.

"Na wewe kwa nini hukuniambia?"

Nasra alikusanya maganda mapajani mwake, akayarundika vizuri.

"Ningekwambia, ungerudi," akasema. "Wewe ulikuwa na kanisa lako na kwaya yako na Dodoma yako nzima. Mie nilikuwa na yeye basi. Na kila nikikaa hapa, Yusta, kila Ijumaa, ananiwekea chai ananiuliza, Yustina hajambo? Yustina anakula? Nimesimama kwenye majukwaa ya watu, nimepigiwa makofi na wenye nchi yao, narudi hapa naulizwa Yustina anakula. Nimekuonea wivu mpaka nimezeeka."

Nilimtazama. Sikuona neno la kumwambia ambalo lingetosha, na sauti ya kuliimba sina tena. Miaka thelathini ya chai. Nikafuta mikono kwenye mtandio wangu, nikainuka.

"Basi ondoka hapo," nikamwambia. "Umekaa kwenye kiti changu."

Akanipisha.